Zamu ya Tatu Haina Nakala

Detroit, 11 Januari 1998

Shangazi Odessa,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba uhakikishe uko peke yako, na ukimaliza kusoma uichome barua hii. Usimsomee rafiki, usimtajie mwenye klabu yeyote, wala usimwambie Baba kwamba nimekuandikia. Nina kazi tangu Septemba na bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Neno moja likitoka hapa, kazi imekwenda.

Shikamoo. Ni mimi, Cortland, mtoto wa kaka yako Wendell. Ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi na minne, chunusi uso mzima, na nilikuwa sisemi na watu wazima. Chunusi zimekwisha. Sisi sote hatujambo. Goti la Baba linamsumbua wakati huu wa baridi, dada yangu Renita amejifungua mtoto wa kike, na mimi nimehamia kwa Bibi, kwenye chumba cha chini, ili nimsaidie kuzoa theluji mlangoni. Bibi hajambo. Bado ni kiongozi wa akina mama kanisani, na jina lako bado halitajwi mezani.

Sasa jambo lenyewe. Mimi ni karani katika ofisi ya jiji inayotoa vibali vya burudani. Wiki iliyopita alikuja mtu wa Ghala la Barafu, ile klabu ya barabara ya Gratiot, kuomba kibali cha dansi mpaka asubuhi, tarehe 23 Mei. Mkuu wangu, Bwana Crenshaw, akamuuliza nani atapiga muziki. Yule mtu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Odessa Tibbs! Anarudi nyumbani!"

Bwana Crenshaw akanigeukia. "Tibbs, huyo ni ndugu yako?"

Nikamjibu, "Akina Tibbs ni wengi mjini, bwana."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilisema tu, kisha nikaendelea kugonga mihuri.

Jioni nilikwenda kwa Beasley, muuza santuri, kuhakikisha. Alicheka mpaka akashika kaunta. Akaniambia, "Kijana, unaishi juu ya dhahabu na hujui! Shangazi yako alikuwa akiingia ukumbini, wale watoto wa upande wa magharibi wenye mashati yao ya Kitaliano wanaacha kupiga maringo, wanaanza kutoka jasho. Alikuwa akiunganisha santuri mbili mpaka huwezi kujua moja imeisha wapi." Ameweka picha yako juu ya rejista ya pesa, ile uliyopigwa ukiwa na hedifoni shingoni na sura ya mtu anayetaka kulala. Kumbe kuna watu Ubelgiji na Japani wanaokusanya kila kitu ulichowahi kutengeneza, na mimi nilikujua kwa jina la mtu ambaye hatajwi.

Kreti zako za santuri bado ziko huku chini, karibu na kitanda changu. Je, utazihitaji? Ukijibu, andika kwa anwani ya duka la Beasley. Tafadhali usiandike nyumbani.

Mwanao,
Cortland


Berlin, 2 Februari 1998

Cort mwanangu,

Marahaba. Barua nimeichoma kwenye jiko la makaa kama ulivyoamuru, na jirani yangu mzee Frau Lindow akaja kubisha akidhani nyumba inaungua. Ukiniandikia tena, niruhusu niichane tu.

Nimefurahi, sikufichi. Mpe pole Wendell na goti lake. Mwambie nilimwonya asicheze mpira wa kikapu na watoto wa shule. Mbusu huyo mgeni wa Renita kwenye kisigino. Huku theluji ni ya kijivu, na mimi nina mafua tangu Krismasi.

Beasley anatia chumvi, ndiyo biashara yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa na mashine mbili za santuri zisizolingana. Moja ilikuwa inakwenda mbio kidogo, na kila wimbo ilibidi niushikilie kwa kidole kama mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. Ndipo nilipojifunzia. Lebo nazo nilikuwa nazibandua ndani ya beseni la kuogea, kwa sababu wale wenye mashati ya Kitaliano walikuwa wanasimama nyuma yangu na kusoma majina. Santuri ukiijua kwa sikio, karatasi ya nini?

Ndiyo, nitazihitaji. Kwenye kreti ya kwanza, nyuma kabisa, kuna sahani nzito kuliko zote, ndani ya jalada la kahawia lisilo na maandishi. Hiyo ndiyo Zamu ya Tatu. Niliitengeneza usiku mmoja na mzee mmoja akaichonga kwenye sahani kesho yake. Kanda yake nilirekodia kitu kingine juu yake kwa umaskini, kwa hiyo duniani ipo hiyo moja tu. Sikuruhusu mtu airekodi ukumbini hata mara moja. Miaka minane sasa, popote ninapopiga, yuko mtu anayenifuata mlangoni na kuniuliza, "Na ile je?" Nimekuwa nikiwajibu kwamba nitaipiga nyumbani au sitaipiga kabisa. Watu wa Ghala wameniita kwa ajili ya hiyo, na nimekubali kwa ajili ya hiyo.

Basi uitunze. Usimwazime mtu, hata Beasley, hasa Beasley. Usiiweke karibu na tanuri la kupashia nyumba moto. Usiiguse usoni kwa vidole.

Na kuhusu akina Tibbs kuwa wengi: nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Sitakusema.

Shangazi yako,
Odessa


Detroit, 1 Machi 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mafua. Huku Baba amepigwa sindano ya goti na sasa anatembea kama mtu aliyeudhika. Mtoto ameitwa Imani Arvella. Bibi alijifanya hakusikia kwamba hilo la pili ni jina lake, kisha akaenda kuoka keki mbili.

Nimeipata. Ulipoandika kwamba ipo moja tu, niliona aibu kuwa nimelala kando yake miezi yote hii. Tangu siku hiyo, kila nikirudi kazini navua viatu, nanawa mikono kwa sabuni, naikamata pembeni kama ulivyosema, naiweka kwenye mashine yako ya zamani na kukaa sakafuni. Nikimaliza nairudisha mwanzo. Shangazi, sijawahi kuwa na kitu kama hiki. Kazini kutwa naogopa: naogopa simu, naogopa muhuri kwenda upande, naogopa Bwana Crenshaw akisafisha koo. Nikiiweka sindano juu ya hiyo sahani, woga unanitoka kupitia miguuni. Nasikia kiwanda alichofanya kazi Babu humo ndani. Sikuwahi kuingia kiwandani, lakini nakisikia.

Sijamwambia mtu kwamba ninayo. Hata Beasley akiniuliza nabadilisha mazungumzo.

Bibi anasikia mtikisiko tu. Juzi aliita kutoka jikoni, "Mume wangu! Hiyo inayogonga huko chini ni mashine ya kufulia au ni shetani?"

"Mashine ya kufulia, Bibi."

"Siku hizi imepata mdundo."

"Ni nguo nzito, Bibi."

"Hm. Mwambie huyo shetani wa nguo chakula kiko tayari."

Kibali cha Ghala kiko kwa mwenzangu wa meza ya pili; nilijitahidi kisinifikie. Bwana Crenshaw alipita akasema, "Hawa watu wa muziki wa tekno, hakuna hata mmoja anayeimba. Unalipa kiingilio kusikiliza friji." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilijichukia mpaka saa ya chakula.

Siku hizi sahani ina mvumo mdogo, kama mvua nyepesi juu ya bati, na zile kengele ndogo za juu ni kama zimesogea mbali. Nadhani ni sindano. Nimenunua mpya, nzuri kuliko zote walizokuwa nazo dukani.

Naomba kuuliza, kama si utovu wa adabu: kitu kama hiki uliwezaje kukiacha hapa?

Mwanao,
Cortland


Berlin, 9 Aprili 1998

Cort,

Acha. Ukisoma hapa simama, iondoe kwenye mashine, irudishe kwenye jalada.

Nilikuwa safarini, Glasgow kisha Osaka, na barua yako imekaa chini ya mlango wangu mwezi mzima. Nimeisoma jana na koti bado liko mwilini.

Hiyo si santuri ya dukani. Ni sahani laini ya kuchongwa, ya kujaribia, sisi tunaiita siagi. Sindano haipiti juu yake, inaila. Kila ukiisikiliza unaondoka na kidogo, na sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa naipiga mara moja kwa sherehe, na sherehe nyingine siipigi kabisa. Sikukuambia kwa sababu hakuna mtu ninayekaa naye ambaye halijui jambo hili. Nilikuonya habari za joto na vidole kama mjinga anayefunga dirisha huku mlango uko wazi.

Niambie imebaki nini. Usinifariji.

O.


Detroit, 17 Aprili 1998

Shangazi,

Shikamoo. Watu wote wazima.

Barua yako imenikuta na sahani iko kwenye mashine. Nilikuwa nimeendelea kila siku, pamoja na Jumapili baada ya kanisa.

Niliipeleka kwa Beasley, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Alifunga duka kwanza. Alipoiona ile nyeusi isiyo na lebo aliivua kofia yake. Aliisikiliza kidogo tu, mwanzo, katikati na mwisho, akanyanyua sindano.

"Nani amekuwa akiisikiliza hii?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Kila siku tangu Februari."

"Yesu wangu." Alikaa juu ya kreti. "Kuna watu wangeuza figo waisikie mara moja. Wewe umeinywa kama soda."

"Inaweza kutengenezwa?"

"Siagi iliyoliwa utaitengeneza vipi, wewe? Chini kupo, ule mdundo upo. Juu hakuna kitu. Ni mvua tupu." Kisha aliniona usoni, akalegea. "Usilie juu ya santuri zangu, kijana. Lilia kule, kwenye kaseti."

Ulisema nisikufariji. Mdundo umebaki. Sauti ya chuma imebaki nusu. Kengele zimekwisha. Kinanda unaweza kukisikia kama unakijua tayari. Haiwezi kupigwa mbele ya watu.

Tikiti za Ghala zimekwisha. Beasley anasema watu wanakuja kutoka Chicago na Toronto, na kila mmoja anaulizia hiyo moja. Nimewaza namna ya kukulipa nikakosa. Kitu pekee nilichonacho ni kwamba mimi bado naisikia, nzima, hata nikigonga mihuri. Nakuandikia ilivyokuwa, ili angalau iwe mahali fulani.

Inaanza na mdundo mmoja mzito, peke yake, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu inakuja sauti ya chuma kikikaa juu ya chuma, si juu ya mdundo bali nyuma yake kidogo, kama mtu aliyechoka anayeburuta mguu. Kengele ndogo zinaingia upande wa kushoto tu. Za kulia zinakuja baadaye, moja moja, kana kwamba zinahesabiwa. Mara mbili unadhani mdundo utabadilika, na mara zote mbili haubadiliki. Katikati kila kitu kinanyamaza isipokuwa sauti mbili za kinanda, kile cha kanisani, juu na chini, juu na chini, mpaka unaamini imekwisha. Kisha mdundo unarudi, lakini umechelewa nusu ya hatua, na unabaki hivyo hivyo mpaka mwisho. Hapo ndipo mimi kila mara nilikuwa naona mlango wa nyuma ukifunguliwa alfajiri na mtu anaingia na baridi yake.

Ukiona vema nisifike siku hiyo, nitaelewa. Kreti nitamwachia Beasley.

Cortland


Berlin, 29 Aprili 1998

Cort mwanangu,

Siku mbili nilikutukana kwa Kijerumani, lugha nzuri sana kwa kazi hiyo. Frau Lindow alinisaidia maneno. Siku ya tatu niliisoma tena ile sehemu ya mwisho ya barua yako.

Kule kuchelewa kwa nusu hatua lilikuwa kosa. Kidole kiliteleza kwenye mashine ya ngoma, kulikuwa kunakucha, sikuwa na muda wa kurudia. Nilikuwa nimesahau kabisa. Na kengele za upande mmoja, nazo nilikuwa nimesahau. Siwezi kukuficha: mara tatu katika miaka hii nimejaribu kuitengeneza upya hapa, na kila mara inatoka safi kama wodi ya hospitali. Watu wananisifu kwa masikio yangu, lakini sikio langu lilikuwa limeishika Zamu ya Tatu ninayotamani ningekuwa nimeitengeneza. Wewe umeishika ile niliyoitengeneza.

Uliniuliza niliwezaje kuiacha, nami nikakuandikia habari za siagi. Baba yangu alikuwa akirudi asubuhi kutoka zamu ya tatu, ile ya usiku, anakaa kwenye ngazi ya chini na kisanduku chake cha chakula, viatu vimejaa mafuta, anasema, "Dess, nipigie kiwanda changu." Nilipokuwa nafunga mizigo kuja huku aliishika hiyo sahani mkononi. Akasema, "Hii inabaki. Kila kitu kingine umekichukua." Kwa hiyo ilibaki. Mazishi yake yalikuwa Jumanne, nami nilikuwa huku, sikuja. Sitaandika zaidi ya hapo, na mama yangu ana haki yake.

Sasa sikiliza. Nitatua Alhamisi tarehe 21. Mashine ya ngoma ninayo, ni ileile, na kinanda kidogo nitakiazima kwa Beasley. Sitapiga sahani. Nitaitengeneza hapo hapo, mbele ya watu, mara moja, na ikiisha imeisha. Lakini siwezi peke yangu. Ijumaa nzima nataka tukae wawili Ghalani, wewe useme, mimi nipige, mpaka useme ndiyo hii. Na Jumamosi utasimama kando yangu jukwaani, si nyuma ya pazia. Nikienda mbele ya mdundo utanigusa bega.

Najua ninachokuomba. Taa zitakuwepo, na mtu wa ofisini kwako anaweza kuwepo. Usipoweza, nitawaambia watu sahani iliharibika safarini na nitapiga vingine. Navyo navijua, hawatanirushia chupa. Sitakuchukia. Nijibu tu mapema.

Shangazi yako anayekupenda,
Odessa


Detroit, 9 Mei 1998

Shangazi Odessa,

Shikamoo. Imani Arvella ameanza kucheka, na anacheka zaidi akimwona Baba akishuka ngazi. Maua ya Bibi yametoka. Hii usiichome.

Nimekaa na barua yako siku tatu ndani ya koti. Jana asubuhi niligonga mlango wa Bwana Crenshaw kabla sijavua kofia, kwa sababu nilijua nikiivua tu nitarudi mezani kwangu.

Nikasema, "Bwana, yule Odessa Tibbs wa Ghala la Barafu ni shangazi yangu. Dada wa baba yangu, tumbo moja."

Akaweka kikombe chini. "Si uliniambia akina Tibbs ni wengi?"

"Ni wengi, bwana. Lakini huyu ni wangu."

"Kibali umekishika?"

"Hapana. Sikukigusa."

"Najua hukukigusa, kilipita kwa mwenzako na kiko sawa." Akakisogeza kikombe pembeni. "Kibali hakinisumbui, Tibbs. Umeniangalia machoni ukaniongopea, na mimi nilikuwa nakusifu kwa wakubwa kwamba huyu kijana hata nukta haimpotei. Tutakaa Jumanne baada ya sikukuu ya mwisho wa mwezi, tuzungumze kama utamaliza majaribio yako."

"Ndiyo, bwana."

"Na kwa nini unaniambia leo? Hakuna aliyekuuliza."

"Kwa sababu Jumamosi ya hiyo dansi nitakuwa jukwaani."

"Wewe? Unafanya nini jukwaani?"

"Namgusa bega akikosea."

Akasema nifunge mlango nikitoka. Sijui Jumanne itakuwaje. Saa ya chakula ilipofika, nilikula.

Kwa hiyo ndiyo, nitakuwepo, Ijumaa nzima na Jumamosi mpaka mwisho. Nimeomba ruhusa ya Ijumaa na nimepewa.

Nimeanza kujizoeza. Sahani siigusi tena. Nakaa sakafuni nafumba macho, mdundo kwa kisigino, chuma kwa ufunguo juu ya bomba, kinanda kwa mdomo. Jana jioni nilikuwa kwenye ule ukimya wa katikati, na mashine ya kufulia inazunguka kando yangu, siwezi kupata mahali mdundo unaporudi. Nikaanza tena, nikakosa tena. Nikasikia Bibi anashuka ngazi. Sikufumbua macho. Akaizima mashine, nguo zikiwa bado na sabuni, akakaa kwenye ngazi ya chini. Safari hii niliupata. Nilipomaliza alipanda juu, na nguo alizisuuza asubuhi kwa mkono.

Sasa, namna ya kunipata. Usipige ofisini. Beasley usimpigie pia, atalitangaza dukani kabla hujaweka simu chini. Ukitua Alhamisi, piga nyumbani. Namba ni ileile, haijabadilika tangu ulipoondoka. Nitakuwa chini na huko simu haisikiki, kwa hiyo atapokea Bibi. Msalimie, sema wewe ni nani, sema unamtaka Cort. Atanyamaza. Ukimya wake ni mrefu, nimeupima, na mtu anaweza kudhani simu imekatika. Usikate, Shangazi. Yuko hapo. Ngoja mpaka aniite.

Mwanao,
Cortland